Usiku wa Vijana Wetu Bila ya Ulevi

Likishatua jua katika miji yetu, kijana aliyemaliza kazi yake au masomo yake huwa na saa tatu au nne ambazo hazina bwana. Si za mwajiri, wala si za mwalimu. Baada ya Sala ya Isha hutoka nyumbani kutafuta watu: wa kucheka nao, wa kumsikiliza, wa kumpa khabari za mji. Wengi katika walioingia ulevini hawakutoka nyumbani siku ile ya kwanza kwa ajili ya ulevi. Walitoka kutafuta wenzao, wakaukuta mlango mmoja tu ulio wazi, wenye taa na viti na watu wa rika lao, na mlango ule ulikuwa wa baa.

Jambo hilo ndilo tunalotaka kulitazama pamoja nanyi, wazazi na vijana. Uharamu wa ulevi unajulikana na kila Mwislamu, hata yule anywaye. Madhara yake nayo yanajulikana. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, limeeleza kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa kwa sababu ya ulevi, na kwamba walioathirika zaidi ni watu wa umri wa miaka 20 hadi 39, ambao katika kila vifo vyao 100 yapata 13 vilitokana na kinywaji hiki. Huo ndio umri wa kuoa na kuolewa, wa kulea na kujenga.

Basi khabari ya uharamu kijana anayo, na khabari ya madhara anayo. Asichokuwa nacho mara nyingi ni mahali. Wakubwa wengi humwambia, "Usiende kule," kisha wakanyamaza. Neno hilo ni la haki, lakini ni nusu ya neno. Nusu ya pili ni kumwambia, "Njoo hapa."

MIZANI ILIYOMO KATIKA AYA

Ulevi haukuharimishwa kwa siku moja. Kwanza iliteremka Aya ya 219 katika Suratul Baqara, ikabainisha kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa zaidi kuliko manufaa. Kisha Aya ya 43 ya Suratun Nisaa ikawakataza watu kuikaribia Sala hali ya kuwa wamelewa. Mwisho zikateremka Aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida, zikakata shauri.

Tuizingatie hiyo Aya ya 91, kwani imetaja sababu. Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba Shetani, kwa njia ya ulevi na kamari, anataka kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mungu na wasisali. Sababu ni mbili: ya kwanza inahusu watu wao kwa wao, na ya pili inahusu watu na Mola wao.

Mwenye kutafakari ataona kuwa sababu hizi mbili ni mizani ya kupimia kila kikao cha usiku, hata kikao kisicho na tone la pombe. Wanapoondoka waliokaa pale, je, wanaondoka wakipendana zaidi, au wametukanana na kusengenyana? Na alfajiri ikiadhiniwa, je, wataamka? Kikao kilichofaulu mambo haya mawili ni kikao chema. Kilichoshindwa yote mawili, hata kama kinywaji chake ni maziwa, kimekwisha fanya kazi ya ulevi bila ya kulevya.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba siku ulevi ulipoharimishwa, Anas bin Malik (R.A.), naye akali ni kijana, alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha (R.A.) kinywaji cha tende. Wakasikia mtu akinadi njiani kwamba ulevi umekwisha harimishwa. Abu Talha akamwamrisha Anas atoke akaumwage, na vileo vilivyomwagwa siku ile vikatiririka katika njia za Madina. Watu wale walikuwa kikaoni, na glasi zi mikononi. Waliacha kinywaji, lakini hawakuacha kukaa pamoja. Mji wa Madina uliendelea kuwa na wageni wake, karamu zake, Idi zake na michezo yake. Tena imepokewa kwamba Mahabushia walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamwacha Bibi Aisha (R.A.) awatazame mpaka alipochoka mwenyewe. Dini iliyokiondoa kikombe haikuiondoa furaha.

JE, USIKU SI WA KULALA?

Wapo wazee watakaotuambia kwamba kijana wa Kiislamu akishasali Isha hana la kufanya ila kulala. Nao wana hoja, wala haifai kuipuuza. Abu Barza (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha, na kuzungumza baada yake. Wanavyuoni wameeleza kwamba hofu iliyopo hapa ni mtu kukesha katika upuuzi mpaka akapitiwa na Sala ya Alfajiri.

Lakini Imam Bukhari huyo huyo, aliyeipokea Hadithi hiyo, ameweka katika kitabu chake mlango wa mazungumzo ya elimu na kheri baada ya Isha, na mlango mwingine wa mazungumzo ya usiku pamoja na wageni na watu wa nyumbani. Na Tirmidhi amepokea kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza usiku na Sayyidna Abu Bakr (R.A.) juu ya mambo ya Waislamu. Kwa hivyo usiku umewekewa adabu, wala haukufungwa. Kijana ambaye ana kazi mchana kutwa hana wakati mwingine wa kukaa na wenzake ila huo. Tukimfungia usiku wote atautafuta ufunguo mahali pengine.

KINYWAJI KILICHOZALIWA USIKU

Ajabu ni kwamba dunia nzima leo inakunywa kinywaji ambacho Waislamu walikieneza kwa ajili ya usiku, nacho ni kahawa. Neno lenyewe, qahwa, katika Kiarabu cha kale lilikuwa moja katika majina ya mvinyo. Kisha jina likahama, likatoka kwa kinywaji cha kulevya likaenda kwa kinywaji cha kuamsha.

Katika karne ya 15 watu wa tarika huko Yemen walikuwa wakiinywa kahawa ili wapate nguvu ya kukesha katika dhikri. Mwanachuoni Abdul Qadir al-Jaziri, aliyeandika juu ya kahawa katika karne ya 16, ameeleza jinsi Wayemeni walioishi upande wa Al-Azhar, mjini Cairo, walivyokuwa wakikutana usiku wa kuamkia Jumatatu na Ijumaa. Kahawa ilitiwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, na mkubwa wao akaichota kwa kata ndogo na kuwanywesha, kwa kuanzia kulia, huku wakimtaja Mwenyezi Mungu.

Lakini tusidhani kwamba kikombe peke yake kinatosha kukitakasa kikao. Mwaka 1511, huko Makka, mkaguzi wa soko aitwaye Khair Beg aliwaona watu karibu na Msikiti Mtakatifu usiku, na taa zao, wakipitishiana kikombe kama wafanyavyo wanywaji mvinyo. Walipomwona anakuja, wakazizima taa. Asubuhi aliwakusanya wanavyuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku, na mapakacha yake yakachomwa moto. Khabari ilipofika Cairo kwa Sultani, jibu lililorudi lilikataza mikusanyiko mibaya, wala halikukiharimisha kinywaji chenyewe. Hukumu hiyo ina akili nyingi. Kilichowatia watu shaka ni taa iliyozimwa. Kikao cha kheri hakina haja ya giza.

Yapata mwaka 1554 watu wawili, mmoja wa Halab na mmoja wa Dameski, walifungua nyumba za kahawa huko Istanbul. Mwandishi wa tarikhi Pechevi anaeleza kwamba walikusanyika humo wasomi na watu wa mji, wengine wakisoma vitabu, wengine wakicheza sataranji, na watunzi wakileta mashairi yao mapya. Lakini maimamu nao walilalamika kwamba misikiti imepungukiwa na watu. Hapo tena utaiona mizani yetu: upande wa watu na watu nyumba zile zilifaulu, na upande wa watu na Mola wao nyingine zilipungua. Sultani Murad wa Nne alizifunga mwaka 1633, lakini baadaye zikafunguliwa tena, kwani haja iliyowapeleka watu humo haikufungika kwa amri.

WALIVYOFANYA WENGINE

Jambo hili la kuwapa watu usiku usio na ulevi halikuwashughulisha Waislamu peke yao. Katika mitaa ya maskini ya London, karne ya 19, palikuwa na bibi mmoja, Emma Cons, aliyesimamia nyumba za kupangisha wafanyakazi. Aliona kwamba mishahara ya watu inaishia katika ulevi, na kwamba wanakwenda ulevini kwa kuwa nyumba zao ni finyu na baridi, wala hapana mahali pengine penye mwangaza na nyimbo. Hakuishia katika kulaumu. Alilikodi jumba la michezo lililokuwa na sifa mbaya, na tarehe 26 Desemba 1880 akalifungua upya kuwa jumba la kahawa na muziki, pasina pombe.

Mwanzo biashara ilikuwa ya hasara, kwani majumba ya namna ile yaliishi kwa faida ya kinywaji, na ilimbidi tajiri Samuel Morley amsaidie kwa mali. Lakini tangu mwaka 1882 ilianza kutolewa humo mihadhara ya elimu kwa kiingilio cha peni moja. Wasikilizaji walitaka zaidi, wakaomba masomo ya kudumu, na mwaka 1889 kikaanzishwa chuo cha wafanyakazi wanaume na wanawake, Morley College, ambacho kipo mpaka leo. Jumba nalo lipo, na linajulikana kwa jina la Old Vic. Mtu alitaka kuwatoa watu ulevini kwa usiku mmoja mmoja, akapata chuo.

Mfano wa pili ni wa zama zetu. Katika nchi ya Iceland, mwaka 1998, vijana 42 katika kila 100 wa miaka 15 na 16 walisema kwamba walilewa katika mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa 5 tu. Wenyewe walisaidiwa na sheria, kwani mtoto wa miaka 13 hadi 16 hutakiwa kuwa nyumbani saa nne usiku wakati wa baridi. Lakini pamoja na sheria, serikali za miji zilitoa fedha ili kila kijana apate kuingia katika mchezo, muziki au kazi za mikono, na wazazi wakaandikiana mapatano ya namna ya kuwatunza watoto wao. Waliondoa kitu wakaweka kitu. Ingawa hao ni wadogo kuliko vijana tunaowazungumzia, somo ni lile lile.

Na mfano wa tatu unaturudisha kwa kahawa na kwa Wayemeni. Mji wa Dearborn, katika jimbo la Michigan, Marekani, una wakaazi wengi wenye asili ya nchi za Kiarabu. Mwaka 2017 ilifunguliwa huko nyumba ya kahawa ya Kiyemeni iitwayo Qahwah House, na baada yake zimefunguliwa nyingi za namna hiyo katika miji mingi ya Marekani. Hukaa wazi mpaka usiku mwingi. Hunywewa humo kahawa ya maganda ya buni, na chai ya maziwa ya Kiadeni, na huliwa mkate mtamu ulioumbwa kama sega la nyuki. Vijana wa Kiislamu, wanafunzi na wafanyakazi, hukaa humo makundi kwa makundi, na familia kando yao. Hata wasio Waislamu wanazifuata, kwani nao wapo waliochoka na baa. Katika mji huo huo, tangu mwaka 2018, palianzishwa pia tamasha la usiku wa Ramadhani ambapo watu hukusanyika kula daku uwanjani. Kinywaji kilichotoka Yemen kwa ajili ya kukesha kimewapa vijana wa ugenini mahali pa kukaa bila ya kuacha dini yao.

YALIYOMO MIKONONI MWETU

Ndugu msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asiyaone haya kuwa ni mambo ya mbali. Watu wetu walikuwa nayo zamani, na mengi bado wanayo. Ni nani asiyeijua sauti ya vikombe vikigonganishwa njiani usiku, na muuza kahawa na dele lake la shaba, makaa mekundu chini yake? Ni nani asiyelijua baraza la mawe mbele ya nyumba, na finjani ya kahawa chungu, na kashata? Hapo mdogo hukaa akasikiliza, mkubwa akasahihisha, mgeni akakaribishwa, na mgomvi akasuluhishwa. Unguja, pale Sokomuhogo, na Lamu, pale Mkunguni mbele ya ngome, mabaraza haya yapo mpaka leo.

Tena tazama bustani ya Forodhani, Unguja, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Kila magharibi wauzaji huwasha taa zao, na watu wakaja na watoto wao kula mishikaki na urojo na kunywa maji ya miwa yaliyotiwa ndimu na tangawizi. Kijana akikaa pale hukaa machoni mwa watu, na machoni mwa watu ndipo mahali pa salama.

Na hoja kubwa kuliko zote ni mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka, kwa siku 29 au 30, miji yetu huonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Baada ya Tarawehe njia hujaa watu. Vijana hucheza mpira usiku, wengine husikiliza darsa, wengine hutembelea jamaa, wanawake hutoka na binti zao, na wote hurudi kwa daku. Kisha Idi huja na viwanja vyake, Mnazi Mmoja huko Unguja na Makadara huko Mombasa, na watoto wakafurahi. Lakini mwezi wa mfungo mosi ukishaandama, taa huondoka pamoja na sherehe, na kijana aliyekuwa na mahali kwa mwezi mzima akabaki bila ya mahali kwa miezi kumi na moja. Baa haina mwezi wa kufunga mlango wake. Hapo ndipo tunaposhindwa naye.

KILA KISICHO POMBE SI CHEMA

Kuna kijana atakayesema, "Mimi naingia baa lakini nanywa soda tu." Tunamjibu kwa upole kwamba imepokewa kwa Tirmidhi kutoka kwa Jabir (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) amemkataza mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae katika meza inayopitishwa ulevi. Na hata akiacha kuitazama Hadithi, akili yake yamtosha. Mwaka wa kwanza atakunywa soda. Watamtania. Siku atakapokuwa na huzuni, atakuwa amekwisha kaa karibu na kitu ambacho wenzake humwambia kinaondoa huzuni.

Kuna na wengine waliokwepa pombe wakaangukia moshi. Shisha imekuwa pambo la vikao vingi vinavyojisifu kuwa havina ulevi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu anayevuta shisha kwa muda wa saa moja huweza kuvuta moshi ambao kiasi chake ni mara 100 hadi 200 ya moshi wa sigara moja. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku Desemba 2017. Nyumba ya kahawa inayoishi kwa shisha imebadilisha jina la sumu tu.

Na lipo la tatu, nalo limeingia hata barazani. Aya iliyoharimisha ulevi imeharimisha na kamari pamoja nao, katika neno moja. Leo kijana hukaa kitako na wenzake, kahawa i mkononi, na mkono wa pili umeshika simu anabashiri matokeo ya mpira kwa pesa, jambo wanaloliita kubeti. Mechi ikiisha, mmoja amepoteza nauli ya wiki nzima, na mwingine anamcheka. Uadui na chuki zilizotajwa katika Aya ziko hapo hapo, bila ya chupa.

BINTI ZETU NAO

Tukisema "vijana", wengi hufikiri wavulana. Lakini binti anayefanya kazi benki, hospitali au dukani, au anayesoma chuoni mbali na kwao, naye ana jioni yake na upweke wake. Ndugu yake ana baraza. Yeye ana ukuta wa chumba na simu. Harusi na Maulidi humkusanya na wenzake, lakini harusi si ya kila wiki.

Hapo zamani wanawake wa Mombasa na Unguja walikuwa na vyama vyao vya lelemama, wakakutana, wakachangiana, wakasaidiana katika ndoa na misiba. Hatusemi kila kilichofanywa humo kirudishwe. Twasema kwamba haja ya kukutana haikuzuka jana. Nyumba yenye ua mpana yaweza kufunguliwa usiku mmoja katika wiki kwa wasichana wa mtaa, bibi mwenye heshima akawa mwenyeji, wakashona, wakasoma, wakapika, wakacheka. La lazima ni moja, nalo ni kurudi salama: asiachwe msichana arudi peke yake gizani. Mwenyeji ajue kila mmoja anarudi na nani.

MAMBO MANNE

Tukiyakusanya tuliyoyaona Yemen, London, Dearborn na pwani yetu, tutaona kwamba kikao cha usiku kilichodumu katika kheri kilikuwa na mambo manne.

La kwanza ni mahali penye mwangaza. Hapana haja ya jengo. Baraza la nyumba moja, uwanja wa madrasa, au ua wa msikiti kwa idhini ya imamu, watosha, maadamu taa inawaka na mlango u wazi.

La pili ni mwenyeji. Kikao cha Wayemeni kilikuwa na mkubwa aliyeichota kahawa kwa mkono wake. Awe mtu mzima anayependwa na vijana, anayejua kusikiliza kuliko kuhubiri. Kijana akihutubiwa kila akija, ataacha kuja.

La tatu ni shughuli. Kikao cha maneno matupu huishia kusengenya. Pawe na bao, keramu au dhumna bila ya dau. Usiku mmoja pawe na darsa fupi. Usiku mwingine aje fundi, daktari au nahodha awaeleze kazi yake. Usiku mwingine wasomewe kitabu au washindane kwa mashairi. Mihadhara ya peni moja ilizaa chuo, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye baraza lenu litazaa nini.

La nne ni saa ya kuondoka. Kikao kianze baada ya Isha na kiishe saa nne na nusu, au saa tano usiku wa mapumziko, hata kama mazungumzo yamenoga. Kijana akizoea kuondoka kwa saa, Alfajiri haitampita, na baba yake hatakuwa na hoja ya kumfungia mlango.

Gharama yake ni ndogo: buni, tangawizi, sukari, makaa, na umeme wa taa moja. Nyumba saba zikichangiana kwa zamu, kila nyumba itatoa usiku mmoja tu katika wiki.

Ewe kijana unayesoma maneno haya, usingoje kamati. Waite wenzako watatu siku ya Alkhamisi, muombe mzee mmoja wa mtaa awape baraza lake, nawe uje na dele na kashata. Na mkimwona mwenzenu aliyekwisha zoea baa anapita, msimcheke wala msimnong'one. Mpisheni akae, mmiminieni kahawa, mumuulize khabari zake. Huenda hajapata kualikwa mahali pengine.

Nanyi wazazi, mtoto wenu akitoka usiku muulizeni, "Unakwenda wapi?" Lakini kabla ya kumuuliza, hakikisheni kwamba katika mtaa wenu lipo jibu jema ambalo aweza kulitoa. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.